Wataalamu wa Mwani na Sisi wa Paje

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mwalimu mstaafu wa bayolojia, katika mkutano wetu wa mwaka uliofanyika Paje. Tunaichapa hapa kwa maombi ya wengi waliohudhuria.)





Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa heshima hii. Barua yao ilinitaka niseme machache juu ya "Sayansi na Maendeleo". Nimefundisha somo la sayansi kwa zaidi ya miaka thelathini, na najua kuwa kichwa cha habari kama hicho humpa mtu usingizi hata kabla msemaji hajavaa miwani yake. Kwa hivyo nimeomba ruhusa ya Mwenyekiti nizungumze juu ya wanasayansi wenyewe: namna wanavyokutana, wanavyofundishana, wanavyoachana na wanavyorudiana, na namna kazi ya mmoja inavyoangukia mikononi mwa mwengine baada ya miaka ishirini au thelathini. Wala sitakwenda mbali. Nitazungumza juu ya mwani, ambao kila mmoja wetu humu ukumbini ama ameulima, ama amesomeshwa kwa fedha zake, ama ameupita asubuhi ya leo ukiwa umeanikwa.

Vijana wengi wanadhani kuwa mwani umelimwa hapa tangu enzi za mababu. Sivyo. Sisi tulipokuwa wadogo, kazi ya mama zetu pwani ilikuwa ni makumbi. Walichimba mashimo mchangani, wakayafukia makumbi ya nazi kwa miezi, kisha wakayafukua, wakayapiga na kusokota kamba. Harufu yake walioishi zama zile hawaisahau. Wengine wakienda mwambani kutafuta pweza na chaza. Mwani ulikuwapo, lakini ulikuwa ni wa kuokota. Ule uliotupwa na bahari au kuota wenyewe mwambani ulikusanywa, ukakaushwa, ukauzwa kwa wafanyabiashara wa mjini, nao wakaupeleka ng'ambo. Biashara hiyo ilidumu miongo kadhaa, kisha ikafifia katika miaka ya 1970, wakati mwani wa kulimwa kutoka Ufilipino ulipoanza kujaa sokoni.

Hapa ndipo hadithi yangu inapoanza, na inaanzia mbali kidogo, katika visiwa vya Hawaii.

Katika Chuo Kikuu cha Hawaii alikuwapo profesa mmoja wa mimea ya baharini, Maxwell Doty, aliyezaliwa mwaka 1916. Katika miaka ya 1960 Doty alikwenda Ufilipino akitafuta njia ya kuulima mwani wa jamii ya Eucheuma badala ya kuuokota. Mwani huo una utomvu uitwao karajinani, unaotumika kugandishia na kulainishia vyakula, dawa ya meno na vitu vingi vya viwandani. Mbinu aliyoifikia pamoja na wenzake wa Ufilipino ndiyo hii hii tunayoijua sisi: vigingi viwili, kamba katikati yake, na vipande vya mwani vimefungwa kwa kamba ndogo mmoja mmoja. Miongoni mwa wenzake hao alikuwapo Vicente Alvarez. Mwaka 1985 Doty alipoueleza kitaalamu ule mwani mnene tunaouita kotonii, aliupa jina la mwenzake huyo, na mpaka leo unaitwa Kappaphycus alvarezii. Nawaomba wanafunzi walishike jambo hili, kwa sababu nitalirudia. Doty hakuupa mwani jina lake mwenyewe. Aliupa jina la mtu aliyekuwa naye majini.

Chuo hicho hicho cha Hawaii kilisomesha vijana wawili ambao maisha yao yametugusa sisi bila ya wao kujua. Mmoja alikuwa Mfilipino, Gavino Trono, aliyepata shahada yake ya udaktari mwaka 1968 na baadaye akawa mtaalamu mkubwa wa mwani nchini kwao. Mwengine alikuwa Mtanzania kutoka bara, Keto Mshigeni, aliyemaliza shahada yake hiyo mwaka 1974. Fikirini jambo hili: mmoja anarudi Manila, mwengine anarudi Dar es Salaam. Miaka kumi na tano baadaye mbegu ya mwani inatoka Ufilipino na kupandwa Paje. Njia iliyopita mbegu ilikuwa imeshapitwa na elimu.

Ndugu Mshigeni hakungoja amalize masomo. Mwaka 1973 aliandika katika jarida la Tanzania Notes and Records juu ya biashara ya mwani wa kuokota nchini mwetu. Mwaka 1976 akaandika tena katika jarida hilo hilo, akipendekeza kuwa kilimo cha mwani kinawezekana katika vijiji vya ujamaa vya pwani. Wazee wenzangu mnazikumbuka zama zile. Kila mtu alikuwa na pendekezo kwa ajili ya vijiji vya ujamaa, na mapendekezo mengi yaliishia kwenye makabati. La kwake lilikaa miaka kumi na tatu. Katika miaka hiyo alifanya majaribio, akaandika, akafundisha, akaandika tena. Mwaka 1989 ndipo kilimo cha biashara kilipoanza rasmi Unguja, na vijiji vya mwanzo vilikuwa ni hivi viwili, Paje na Jambiani.

Lakini msidhani kuwa mtu huyo alikuwa peke yake. Kabla yake, katika miaka ya 1960, alikuwapo W. E. Isaac kule Nairobi, aliyekuwa akiorodhesha mimea ya bahari ya pwani ya Kenya pamoja na mkewe Florence. Alikuwapo pia Mnorwe, Erik Jaasund, ambaye mwaka 1976 alitoa kitabu cha kuitambua mwani ya Tanzania inayoota baina ya maji kupwa na maji kujaa. Mimi nilipoanza kufundisha nilikitumia kitabu hicho mpaka jalada likatoka. Na katika idara ile ile ya botania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwapo bibi mmoja msomi, Adelaida Semesi, ambaye mwaka 1977 aliandika pamoja na Mshigeni juu ya karajinani ya Eucheuma wa Tanzania. Baadaye Bibi Semesi alijulikana zaidi kwa kazi yake ya kuhifadhi mikoko, lakini mwani hakuuacha.

Mjini kwetu nako, pale Mizingani, kulikuwa na jengo la utafiti wa uvuvi wa baharini wa Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 watu wengi walidhani kuwa kazi imekwisha. Mwaka uliofuata, 1978, ikaanzishwa hapo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanasiasa waliachana, lakini maabara ikabaki, na wataalamu wapya wakakaa kwenye madawati ya waliotangulia.

Sasa tuje kwenye Paje ya mwaka 1989. Nilikuwa mwalimu kijana. Wanaume wengi wa kijiji walijaribu mwani, wakaona kazi ni ya kuinama na faida ni ndogo, wakaacha. Mama zetu, dada zetu na wake zetu waliendelea. Kila bamvua, maji yakishakupwa, pwani yote ilijaa kanga. Fedha ya mwani iliingia ndani ya nyumba kwa mkono wa mwanamke. Nyumba za udongo zikapata mabati, na watoto wa kike wakapata sare za skuli. Wapo humu ukumbini madaktari na wahandisi ambao ada zao zilitoka kwenye kamba zile. Sitawataja, lakini wao wenyewe wanajijua.

Wataalamu nao wakaanza kuja. Wengine walitoka Taasisi, wengine Dar es Salaam, wengine Sweden. Uhusiano baina ya wanasayansi wa bahari wa Sweden na wa Tanzania ulikuwa umeanza kukua, na vijana wetu wakawa wanakwenda kusoma huko na wa huko wanakuja kwetu. Mwaka 1995 Mtanzania Matern Mtolera, pamoja na Jonas Collén, Marianne Pedersén na yule yule Bibi Semesi, walichapisha makala iliyotueleza jambo ambalo wakulima waliliona kwa macho lakini hawakujua sababu yake. Mwani wa spinosamu ukizidiwa na jua kali, na maji yaliyotulia yakabadilika uchungu wake, hutoa kemikali iitwayo haidrojeni peroksaidi, ambayo huudhuru wenyewe na mimea iliyo karibu. Mwanafunzi, mwalimu wake na wageni wawili: majina manne kwenye makala moja. Ndiyo maana nasema hakuna mtaalamu anayesimama peke yake.

Bwana Mwenyekiti, sasa naomba niseme jambo linalonihusu mimi mwenyewe. Nimelificha kwa miaka mingi, na nadhani mahali pa kulisema ni hapa, mbele ya watu waliosoma nami.

Nilikuwa na mwenzangu tuliyekaa dawati moja hapa skuli. Wengi wenu mlimjua. Sitalitaja jina lake kwa kuwa aila yake haikuomba litajwe. Mimi niliingia ualimu, yeye akaajiriwa mjini katika ofisi iliyohusika na mambo ya bahari. Mwaka 1990 alinijia na wazo. Alisema, "Wewe unakaa Paje, una kipimajoto cha maabara ya skuli. Kila bamvua ingia majini saa ile ile, mahala pale pale, pima joto la maji na uandike. Mimi nikipata nafasi nitakuja tupime pamoja." Tukanunua madaftari mawili ya mistari, moja langu na moja lake. Kila nilipopima niliandika tarehe, saa, joto, upepo wa kusi au kaskazi, na hali ya mwani wa mama yangu: umenenepa, umekonda, au umekatika. Yeye akiwapo, aliandika vile vile kwenye daftari lake.

Tulifanya kazi hiyo karibu miaka minne. Kisha ofisi moja ikatoa taarifa juu ya kilimo cha mwani, na ndani yake mlikuwa na baadhi ya vipimo vyetu. Jina la mwenzangu lilikuwamo kwenye orodha ya walioshukuriwa. La kwangu halikuwamo. Sikuuliza. Nilidhani yeye ndiye aliyenitoa. Nilikaa na jambo hilo moyoni kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Alipokuja Paje mara iliyofuata nilimwambia kuwa nina mitihani ya kusahihisha. Mara ya pili nikamwambia hivyo hivyo. Mara ya tatu hakuja.

Na lile daftari langu, ndugu zangu, nilimpa mama mmoja aliyekuwa akiuza bagia karibu na skuli. Alihitaji karatasi za kufungia. Nilimpa kwa mkono wangu, nikijiambia kuwa kama hesabu zangu hazina thamani kwao, basi zifungie bagia. Kwa wiki nzima niliwaona watoto wakila bagia zilizofungwa na miezi yangu ya Disemba na Januari.

Miaka ikapita. Kuanzia mwaka 2001 hivi kotonii ilianza kufa. Vijana wengi hawajui kuwa kotonii ndiyo iliyokuwa na bei nzuri, karibu mara mbili ya spinosamu. Ilipauka, ikalainika, ikakatika vipande na kuchukuliwa na maji. Magugu madogo ya baharini yakaiota juu yake. Wakulima walileta mbegu mpya, nayo ikafa. Katika vijiji vyetu vya mashariki wengi waliacha kabisa kuipanda, wakabaki na spinosamu ya bei ndogo. Wataalamu walipotafuta sababu, kila njia iliwarudisha kwenye joto la maji ya kina kifupi.

Siku moja akaja skulini msichana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu, Mtanzania, na daftari lake mkononi. Aliniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, nimeambiwa wewe ulikuwa ukipima joto la maji hapa zamani. Je, miezi ya kaskazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, maji yalifika nyuzi ngapi?"

Nilimwambia sikumbuki. Na kweli sikumbuki. Nilikumbuka bagia.

Nilipanda gari siku ile ile nikaenda mjini kumtafuta mwenzangu. Tulikuwa hatujasemezana kwa zaidi ya miaka kumi. Nilimkuta barazani kwake, ameshakuwa mtu mzima kama mimi. Kabla sijamaliza maamkizi alimwambia mwanawe, "Kalete lile daftari la Mwalimu." Alikuwa nalo. Akaniambia kwamba kwenye taarifa ile aliandika majina yote mawili, na aliyepiga chapa aliruka mstari. Alipoona nimemkasirikia alidhani nimejua, na kwamba nimekataa kumsamehe kosa la mtu mwengine. Yeye naye alikuwa amenuna. Miaka kumi, ndugu zangu, kwa mstari mmoja ulioruka na maneno mawili ambayo hakuna aliyeyasema.

Lakini daftari lake halikuweza kuliokoa langu. Yeye alikuwa akija Paje zaidi wakati wa kusi, maji yakiwa baridi na mwani ukistawi. Wakati wa kaskazi ofisi yake ilikuwa ikimpeleka Pemba. Miezi ya joto, ile hasa iliyotakiwa, ilikuwa kwenye daftari langu peke yake. Tulimpa yule msichana nakala ya tulichokuwa nacho. Mwenzangu ameshatangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Daftari lake liko kwangu, na nitasema baadaye nalifanyia nini.

Nimesema hayo ili mnielewe ninapowasifu wataalamu walioweza kukaa pamoja kwa miongo mingi. Najua ni kazi ngumu kuliko kupima joto.

Tazameni kazi ya Bibi Flower Msuya, aliyekuwa wa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Mwaka 2002, pamoja na Amir Neori wa Israel, alichapisha makala juu ya kutumia mwani kusafisha maji yanayotoka kwenye mabwawa ya samaki, kazi iliyofanyika hapa hapa Unguja, Makoba. Mwaka 2004 alipata shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Tel Aviv. Angeweza kubaki na mabwawa. Lakini kotonii ilikuwa ikifa, na akina mama walikuwa wakimuuliza maswali. Mwaka 2006 alianzisha umoja wa wadau wa mwani Zanzibar, ambao uliwakutanisha wakulima, wanunuzi, watafiti na maofisa wa Serikali meza moja. Wakulima wakafundishwa kusaga mwani, kutengeneza sabuni na vyakula, ili wasitegemee bei ya mnunuzi peke yake. Tena akajaribu pamoja na wenzake, akiwamo Betty Nyonje wa Kenya na Cecile Brugere, kuipanda kotonii ndani ya nyavu za mirija kwenye maji ya kina, ambako joto ni dogo zaidi. Kazi hiyo ilidai mashua na kujua kuogelea, na wengi wa mama zetu hawakuwahi kufundishwa kuogelea ingawa wameishi pwani maisha yao yote.

Wapo pia walioleta habari chungu. Mwaka 2012 Sara Fröcklin na Maricela de la Torre-Castro wa Stockholm, pamoja na wenzao, wakiwamo Bibi Narriman Jiddawi na Bibi Msuya wa hapa kwetu, waliandika juu ya afya na kipato cha wanawake wanaolima mwani. Waliuliza kama gharama wanayolipa si kubwa mno: macho kuuma kwa mng'aro wa jua, mgongo, uchovu, na fedha kidogo. Baadhi ya watu walikasirika kusikia hivyo, kana kwamba mwani umetukanwa. Mimi nasema mtaalamu asiyeweza kusema habari mbaya juu ya kitu anachokipenda si mtaalamu. Angalieni vizuri: Bibi Msuya, aliyejitolea umri wake kuuendeleza mwani, jina lake limo kwenye makala hiyo.

Mwaka 2015 Stina Tano na wenzake, wakiwamo Christina Halling na Mtanzania Amelia Buriyo, walitupa habari nyengine. Walichunguza nasaba ya mwani unaoota wenyewe nje ya mashamba yetu, wakakuta kuwa ule wa asili ya Asia, uliokuja kama mbegu, umeenea mno katika maeneo ambayo zamani yalikuwa ya mwani wa kwetu. Mbegu ile iliyotoka Ufilipino ilitulisha, na wakati huo huo ilikuwa ikichukua nafasi ya wenyeji wake. Sasa wanasayansi wanautafuta upya mwani wetu wa asili, kwa matumaini kwamba ndani yake mna aina zinazoweza kustahimili joto. Yaani wanarudi kwenye mwani ule ule wa kuokota, ambao bibi zetu waliujua mahala unapoota na sisi tuliuona hauna maana.

Na wale wa mwanzo wako wapi? Doty alifariki mwaka 1996. Bibi Semesi alifariki mwaka 2001, mwaka ule ule kotonii ilipoanza kututoka, akiwa bado ana mengi ya kufanya. Profesa Mshigeni alikwenda Namibia katika miaka ya 1990 akawa miongoni mwa viongozi wa chuo kikuu cha huko. Akashughulikia uyoga kwa bidii ile ile aliyoutumikia mwani, kisha akarejea kuongoza Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki, Dar es Salaam. Trono alitunukiwa nchini kwake heshima ya Mwanasayansi wa Taifa mwaka 2014. Na hapa Zanzibar leo zaidi ya watu elfu ishirini wanalima mwani, wengi wao wanawake. Mwalimu, mwanafunzi wake, na mwanafunzi wa mwanafunzi wake: kila mmoja alishika kamba kwa muda, akampa mwengine.

Sasa nawaomba mambo matatu, kisha nikae.

Kwenu wanafunzi: tunzeni madaftari yenu. Usiitupe namba uliyoipima kwa uaminifu kwa sababu leo hakuna anayeitaka. Aliyekuwa akiitaka namba yangu alikuwa bado hajazaliwa nilipoiandika.

Kwenu nyote mnaofanya kazi na wenzenu, maofisini, hospitalini, au mashambani: ukiona jina lako limerukwa, uliza. Na ukiandika, hakikisha majina yote yamo. Hapa nalirudia lile la Doty na Alvarez. Lakini pia nauliza swali ambalo sisi wanaume wa skuli hii tunapaswa kujiuliza. Katika makala zote nilizozitaja mna majina ya maprofesa, nami nawaheshimu. Mama aliyekata vipande vile vya mbegu, akavifunga, akavipima, akasema "huu umekonda, ule umepata", jina lake liko wapi? Mama yangu alikuwa mmoja wao. Kwenye daftari langu niliandika "mwani wa mama", basi. Hata mimi sikuandika jina lake.

Jambo la tatu ni hili. Daftari la mwenzangu naliacha leo mikononi mwa Mwalimu Mkuu, liwekwe maktaba, na nakala yake ipelekwe Taasisi. Pamoja nalo nimenunua vipimajoto viwili na madaftari sita mapya. Naomba Klabu ya Sayansi ichague vijana wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, waingie majini kila bamvua pale pale tulipokuwa tukiingia sisi, mbele ya mnazi uliobaki upande wa kaskazini wa pwani. Sasa pwani hiyo ina hoteli na vijana wageni wanaoteleza juu ya maji kwa tiara, na mashamba yamesogea. Lakini mahali penyewe papo, nami nitawaonyesha. Waandike tarehe, saa, joto, upepo, hali ya mwani, na jina kamili la mwenye shamba. Waanze na miezi ya kaskazi, kwa sababu hiyo ndiyo ninayodaiwa.

Kila daftari liandikwe mara mbili na litunzwe na watu wawili. Na wakigombana, basi wagombane, lakini madaftari wasiyaguse.

Bwana Mwenyekiti, bamvua lijalo litaanza siku tano kuanzia leo. Maji yatakuwa yamekupwa sana asubuhi. Nitakuwapo pwani na viatu vyangu vya mpira, nikiwasubiri hao vijana wawili.